Mguu Chini ya Dawati

Nilipewa somo la muziki kwa sababu ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Sababu nyingine haikuwapo. Kwenye kikao cha kugawana vipindi, mwalimu mkuu alifika kwenye somo la sanaa, akanyanyua macho, akatukuta sote tumeinamisha vichwa kama wanafunzi wasiojua jibu. "Si kuna mwanakwaya hapa?" akauliza. Wenzangu wakaninyooshea vidole wote kwa pamoja, bila hata huruma. Ndivyo nilivyopata kuwa mwalimu wa muziki wa darasa la pili katika shule yetu ya Mfaranyaki.

Ngoma ya shule ilikuwa moja tu, ikikaa ofisini nyuma ya mafagio, na kazi yake kubwa ilikuwa kupigwa wageni wakija. Miezi ya baridi ngozi yake hulegea, ukiipiga inatoa sauti ya gunia la mahindi, kwa hiyo kabla ya kipindi nilikuwa naianika juani kwenye ngazi na kumwomba Mungu asipite mtu akaikalia. Vifaa vingine tulitengeneza wenyewe: vizibo vya soda kwenye waya, vijiti, madumu yaliyotoboka. Ila tulichotumia zaidi ni makofi, maana mikono kila mtoto anakuja nayo.

Wapo wanaodhani kufundisha mapigo watoto wadogo ni kazi ya kuchekacheka. Waje wanisaidie. Darasa limejaa mpaka mlangoni, dawati la watu wawili linabeba watatu, na ukiwaambia wapige makofi polepole wanaanza polepole kweli, kisha mmoja anasisimka, mwenzake anamfuata, na kabla hujameza mate darasa zima linakimbia. Nikigusa ngoma tu, wa nyuma wanakuwa wameshasimama wanakung'uta miguu, wanacheza lizombe kama walivyowaona wakubwa kwenye sherehe. Mwalimu wa darasa jirani alikuwa akichungulia dirishani na kuniuliza, "Madamu, leo mnaimba au mnapaua?"

Nikabuni njia yangu. Mapigo tuliyafanya chakula. U-ga-li, makofi matatu ya taratibu. Ma-ha-ra-ge, manne ya haraka. Chai, kofi moja halafu kimya, na hicho kimya ndicho kigumu kuliko vyote, maana mtoto wa umri ule haoni sababu ya kutulia wakati mikono anayo. Na kwa kuwa siwezi kumsikiliza kila mtoto peke yake, nikaweka sheria: dawati ni mtu mmoja. Mmoja akichelewa, dawati zima linarudia. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Waliojua wakaanza kuwavuta wasiojua, kwa kunong'ona, kwa kiwiko, kwa kukonyeza, na mimi nikapata nafasi ya kupumua.

Kwenye dawati la karibu na dirisha alikaa msichana mmoja katikati ya rafiki zake wawili. Alivaa sweta la mtu mkubwa, mikono imekunjwa mara nyingi, na miezi ya baridi alikuwa na pamba sikioni. Hilo halikunishtua. Mwezi wa sita na wa saba hapa Songea nusu ya darasa wana mafua, na watoto wenye masikio yanayotoka usaha hawakosekani. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kuliko wengine, kwa sababu alikuwa ananiangalia. Wenzake waliangalia dirishani, waliangalia nzi, waliangalia chakula cha mwenzao mfukoni. Yeye macho yake hayakubanduka usoni kwangu tangu naingia mpaka natoka. Walimu wote walimsifu kwa adabu. Nikiuliza, "Tumeelewa?" na darasa likajibu, "Ndiyooo, mwalimu!" mdomo wake ulikuwa wazi pamoja na midomo ya wenzake, na kichwa kinaitikia. Katika ule mwitikio wa pamoja huwezi kujua ni sauti ya nani haimo.

Siku moja niliwafumbisha macho. Mchezo wenyewe ni rahisi: mimi napiga, wao wanarudia bila kutazama, nijue kama wanasikia mapigo au wanaiga mikono yangu. Nikapiga maharage. Darasa likarudisha maharage. Yeye alikuwa amefumba macho kwa bidii, kope zinatetemeka, na mikono imelala juu ya dawati. Nikapiga ugali. Mikono imelala vilevile. Nikadhani leo ameamka na ukaidi. Nikaenda mpaka nyuma yake nikamwita jina, nikamwita tena kwa sauti ambayo nyumbani kwangu Bombambili ingemtoa jirani nje. Wenzake wote walifumbua macho wakageuka kunitazama. Yeye peke yake alibaki amefumba, anasubiri, kwa sababu nilisema mtu asifumbue mpaka niseme.

Nilisimama pale nyuma yake nikiwa sijui niweke wapi mikono yangu. Nikamgusa bega, akafumbua macho, akanitazama mdomoni, akatabasamu.

Kuongea alikuwa anaongea, maneno machache, ya kumezameza, nadhani kwa kuwa masikio yalimwacha kidogo kidogo wakati maneno ameshayapata. Kuandika alikuwa ananakili ubaoni, mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilipokwenda ofisini kusema, mwalimu mkuu alishangaa. "Huyu? Mbona daftari lake ni la mfano?"

"Mkuu, anaona. Hasikii."

Mwalimu mkuu wetu si mtu mbaya. Alipeleka taarifa huko juu, na baada ya muda akaniita kuniambia kwamba wataalamu wa masikio watapita mashuleni. Lini? Siku yoyote. Basi nikaenda kwa bibi wa yule msichana kumtayarisha, maana bibi ndiye anayemlea. Mama wa mtoto yuko upande wa Namtumbo kwenye tumbaku, anakuja sikukuu na kuondoka.

Bibi anakaanga vitumbua mbele ya nyumba, kando ya barabara. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa upande huu moshi usikuumize."

Nilizunguka weee, nikauliza mahindi yamekuwaje, nikauliza magoti yake, mwisho nikasema nilichokujia. Alicheka.

"Huyu? Huyu ana adabu tu, mwalimu. Watoto wa siku hizi ukisema neno moja wao wanayo kumi. Huyu hana maneno."

"Bibi, ukimwita kutoka nyuma anageuka?"

Aligeuza vitumbua vyake, kimoja kimoja, hata visivyohitaji kugeuzwa. "Hilo sikio lilikuwa linatoka maji tangu mdogo," akasema. "Nimeweka mafuta ya uvuguvugu. Nimeweka na maziwa ya mama yake mdogo, wakati ule ananyonyesha. Likakauka. Sasa mnataka nini tena?"

Nikamwambia hospitali. Hapo ndipo nikaona hofu yake, na hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Alikuwa amesikia kwamba watoto wa aina hiyo wanapelekwa shule ya bweni, mbali, wanafundishwa kuongea kwa vidole. "Atarudi hapa hanijui, na mimi simjui anasema nini," akasema. "Nitakuwa nimemzika mzima." Nikasema labda si hivyo, labda ni dawa tu, labda ni kile kifaa cha kuvaa sikioni, na huku nasema najua kabisa kwamba sijui lolote. Mwisho akafuta mikono kwenye kanga. "Wakija hao wataalamu wenu, wakasema wao kwa midomo yao kwamba hasikii, nitampeleka popote watakaponiambia. Lakini siyo kwa maneno ya mwalimu wa ngoma."

Liliniuma kidogo, ila nilicheka. Nilipanda bodaboda kurudi nyumbani nikiwa na ahadi ya bibi mkononi, na bibi yule akisema neno harudi nyuma. Kilichobaki ni wataalamu wafike.

Hawakufika. Wiki zikapita, likizo ikaja ikaisha, nikawa namsumbua mwalimu mkuu mpaka akiniona mlangoni anajibu kabla sijauliza: "Bado, mwalimu." Darasani nikamsogeza mtoto dawati la mbele pamoja na rafiki zake wawili, nikawa nafungua mdomo wangu wazi ninapoongea, mpaka watoto wengine wakaanza kuniigiza. Nilijaribu pia kumkalisha karibu na ngoma, maana niliwahi kuambiwa kwamba asiyesikia anaweza kuihisi. Nikamshikisha pembeni ya ngozi, nikapiga. Aliruka, akarudisha mkono kifuani, akanitazama kwa woga. Darasa likacheka. Nikaiondoa ngoma nikairudisha kwenye mafagio, hasira zimenijaa, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Kisha siku moja, macho yote yamefumbwa, nikapiga maharage, na mikono yake ikapiga maharage. Nikapiga ugali, akapiga ugali. Nikapiga chai, akapiga kofi moja, akatulia, na kimya chake kilikuwa safi kuliko cha darasa zima. Nikasema Mungu ni mkubwa, sikio limezibuka. Nikaenda nyuma yake nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Ndipo nikainama nikatazama chini ya dawati.

Rafiki zake wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, walikuwa wameweka nyayo juu ya viatu vyake. Nikipiga, wanamkanyaga. Ugali, wanakanyaga taratibu mara tatu. Maharage, wanakanyaga haraka haraka. Chai, wanakanyaga mara moja, halafu wanatulia. Walikuwa wamefumba macho kweli kweli, wala hawakujua kwamba nawatazama. Hakuna aliyewafundisha. Walitaka tu dawati lao lisirudie.

Sikuwakataza. Nilikaa kwenye kiti changu nikafuta macho kwa upindo wa kanga, nikawaambia watoto kwamba ni vumbi la chaki. Kuanzia siku ile hakuna dawati lililowashinda. Nilipowapanga mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, msichana alisimama katikati ya wenzake, vidole vya miguu vimebanana na vya wenzake, akapiga makofi mwanzo hadi mwisho. Mgeni mmoja aliniuliza yule wa katikati ni mtoto wa nani, anajua sana mapigo.

Wataalamu walikuja siku ambayo mimi sikuwapo. Nilikuwa nimepelekwa kusimamia mtihani shule nyingine, ng'ambo ya mji, simu tumeziacha ofisini kama taratibu zinavyotaka. Waliingia asubuhi bila taarifa, wakapima, wakaondoka mchana. Niliporudi kuchukua mkoba wangu, watoto wangu walikuwa bado uwanjani wanafagia, na wale wawili walinikimbilia wakiwa wamemshika mwenzao mikono.

"Mwalimu, wageni walikuja!"

"Walitupima masikio, mwalimu! Dawati letu tumepata zote!"

Nikawauliza waliwapima vipi, na wakanieleza kwa kupokezana, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Watoto wa kwanza walipoona makoti meupe waliangua kilio, hivyo mwalimu wa zamu akashauri wakae kwenye benchi na wenzao wa dawati moja ili wasiogope. Wakageuziwa ukutani. Mtaalamu akasimama nyuma yao, akatikisa kengele ndogo, akagonga kijiti, akanong'ona. Anayesikia anyooshe mkono. Wasionyoosha walipelekwa kwenye gari kuvalishwa mashine na kupimwa upya.

"Mimi nikisikia nilikuwa namkanyaga," mmoja akasema.

"Na mimi upande huu, asichelewe," mwingine akadakia. "Hakukosa hata moja, mwalimu!"

Yeye alisimama katikati yao, anatazama mdomo wangu, anahamia mdomo wa huyu, anarudi wa yule, anafurahi kwa sababu wenzake wanafurahi. Wote watatu walikuwa wanasubiri niseme kitu. Nilitaka kulia, nilitaka kumchapa mtu, na kila niliyemfikiria hakustahili kuchapwa. Nikawaambia, "Vizuri." Wakaruka wakakimbia kuendelea kufagia.

Mwalimu mkuu alinipa namba ya kiongozi wa wale wataalamu. Nilimpigia palepale mlangoni. Alipokea, nyuma yake nasikia gari linakwenda. Nikamweleza habari za miguu, maneno yananitoka ovyo, narudia rudia. Alinisikiliza kwa heshima, sina la kumlaumu. Akasema wameshapita, wako njiani kwenda Mbinga, na kwamba kupima upya kunawezekana kabisa, wala si jambo gumu. "Mwambie mlezi wake amlete hospitali. Anatakiwa mlezi tu, mwalimu." Nikamshukuru. Ningefanya nini zaidi? Mimi si mama yake, si shangazi yake, siwezi kumbeba mtoto wa watu nikampandisha gari.

Nikaenda kwa bibi jioni ileile. Nilimkuta na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Mwalimu wa zamu alikuwa amepita kununua vitumbua, akamwambia mjukuu wako amefanya vizuri sana. "Nilikuambia mimi," bibi akasema, akaniwekea vitumbua kwenye kipande cha karatasi, akanikataza katakata nisifungue pochi. "Kula, mwanangu. Ulikuwa na wasiwasi wa bure, lakini ulikuwa na nia njema."

Nikamweleza. Nilijitahidi kueleza polepole, tangu sheria ya dawati, tangu ugali na maharage, mpaka benchi na ukuta. Bibi alisikiliza yote, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo watu wazima, na magari yao, na mashine zao, wamedanganywa na miguu ya watoto?"

"Ndiyo, bibi."

Nilipojisikia nikisema vile, hata mimi niliona lilivyo neno la mtu aliyechoka. Akanipigapiga goti. "Nenda ukapumzike, mwalimu. Mitihani imekuchosha." Nikaomba nimpigie mama wa mtoto, akanipa simu yake mwenyewe bila kinyongo. Mama alinisikiliza huko aliko, upepo unavuma kwenye simu. "Mwalimu, kama wataalamu wamesema, na mama amesema, mimi niseme nini?" akaniuliza. Aliniuliza kweli, kama mtu anayetaka kusaidiwa. Nikarudisha simu.

Wakati huo msichana alikuwa uani, ametupa mgongo, anasugua masufuria kwa majivu. Hakujua kama nimefika. Bibi akamwita alete maji ya kunawa mgeni. Akamwita mara ya pili. Mtoto anasugua tu, mabega yanapanda na kushuka.

"Unamwona?" bibi akaniambia, na furaha yote ikamtoka usoni. "Mimi siku zote nilikuwa nainuka, namfuata mpaka pale, namgusa. Na magoti yangu haya! Nikisema maskini, ni sikio. Kumbe anasikia. Kumbe ni kiburi!"

Akainuka na fimbo nyembamba ya kufukuzia kuku, na kabla sijaweka vitumbua chini alikuwa ameshamfikia, akamchapa mgongoni. Nilikimbia nikamshika mkono. "Bibi, usimpige. Nakuomba. Hasikii." Alikuwa anahema, mkono wake mwepesi ndani ya wangu, na hakujaribu hata kuuchomoa. "Leo umenishika," akasema. "Kesho utakuwapo?"

Mtoto aligeuka, mikono imejaa majivu. Alimtazama bibi mdomoni, akanitazama mimi, akamrudia bibi, anatafuta kosa lake liko wapi. Nikaona ameliona. Mgeni amefika, tena mwalimu wake, naye hajamwamkia. Akajifuta mikono haraka kwenye gauni, akapiga magoti palepale kwenye majivu.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikafungua mdomo wangu wazi kabisa, aone. "Marahaba," nikasema.